Kabla Maji Hayajamwagika

Nyuma ya nyumba ninayopanga, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, kuna jiwe. Ni mwamba wa matale uliotokeza juu ya ardhi kama mgongo wa tembo, mkubwa kuliko chumba changu cha kulala. Watoto wa jirani huligeuza kuwa uwanja wao, mama zao huanikia mtama juu yake, nami jioni, jua likizama upande wa Bahi, hukaa pale kwa sababu huwa bado lina joto la mchana. Mawe ya jinsi hii yametapakaa mji mzima; Mlima Simba wenyewe ni lundo lake. Wanajiolojia wanasema mwamba huu wa katikati ya nchi una umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na sehemu yake imeingia kwenye vitabu vya sayansi kwa jina la mji wetu.

Nimelikalia jiwe lile miaka kadhaa nikidhani limetulia. Kumbe halijatulia. Ndani ya matale mna chembechembe za urani na thori, na mara chache chache kiini cha atomu mojawapo hutema kijipande chake. Kijipande hicho kimezungushiwa ukuta wa nguvu ambao, kwa hesabu za fizikia ya zamani, hakiwezi kuuruka hata siku moja. Lakini kinatoka. Mwaka 1928 George Gamow, na wakati uleule Ronald Gurney na Edward Condon, walieleza namna: kwa sheria za kwanta, zinazotawala vitu vidogo kama atomu, kijipande kile hakiuruki ukuta, kinaupenya. Hakipenyi kwa haraka. Urani ya kawaida huchukua karibu miaka bilioni 4.5 mpaka nusu yake iwe imegeuka. Kikishatoka, hunyakua elektroni mbili na kuwa atomu ya gesi ya heli.

Nayasimulia haya kwa sababu neno kwanta linapotajwa kwetu, watu hutazama mbali. Huwaza maabara za California na za Hefei, China, vyumba vyeupe, wanasayansi waliovaa glavu. Oktoba 2025 Tuzo ya Nobel ya fizikia ilikwenda kwa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, kwa majaribio waliyoyafanya miaka ya 1980 kuonyesha kwamba upenyaji huohuo unaweza kutokea ndani ya saketi ya umeme inayoshikika mkononi. Baadhi ya kompyuta za kwanta za leo zimetokana na saketi za ukoo huo. Walichokifanya kwa ustadi mkubwa, mawe ya Dodoma yanakifanya tangu kabla ya jicho la kwanza kufumbuka duniani. Kwa hiyo hoja ya kwamba kwanta haituhusu imekwisha kukataliwa na jiwe ninalolikalia. Kinachobaki ni kuamua tunahusika vipi: kama mwamba, unaotoa bila kujua unachotoa, au kama watu, wanaojua na kuwajibika.

Tuifuate ile heli. Katika ukanda wa Singida, Manyoni na Kondoa zipo chemchemi zinazobubujika gesi, maji yakichezacheza kama sufuria iliyoanza kuchemka. Wanajiolojia wa enzi za Tanganyika waliyachota mapovu ya chemchemi za nchi hii, wakayapima, wakakuta heli. Sababu yake inaeleweka: mwamba mkongwe umeikusanya gesi hiyo chembe kwa chembe, kisha joto la Bonde la Ufa likaja kuufukuta, nao ukaanza kuiachia. Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba Bonde la Rukwa pekee linakadiriwa kuwa na futi za ujazo bilioni 54. Mwaka 2024 kisima kilichochimbwa Itumbula kiliitoa heli hadi juu ya ardhi.

Heli ndiyo inayopoza sumaku za mashine za MRI hospitalini. Ndiyo pia inayozungushwa kwenye majokofu ya kompyuta nyingi za kwanta. Humo huchanganywa heli ya kawaida kama hii yetu na aina nyingine iliyo adimu sana, mpaka ndani kuwe na baridi ya sehemu ndogo tu ya nyuzi moja juu ya kipimo cha chini kabisa cha maumbile, nyuzi 273.15 chini ya sifuri. Bila baridi hiyo hesabu za mashine zile zinavurugika. Kwa maneno mengine, kijipande kilichopenya ukuta wake gizani, ndani ya matale ya nchi kavu, chaweza kuja kupoza mashine inayotumia upenyaji uleule kufanya hesabu.

Lakini heli ina tabia inayonitia mawazo. Ni nyepesi mno, na ikishaachiwa hewani hupanda. Dunia haina uzito wa kuishika. Polepole inatoroka na kupotelea anga za juu. Kilichokusanywa kwa mamia ya mamilioni ya miaka chaweza kuisha alasiri moja kwa valvu iliyolegea. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hapa Dodoma methali hiyo si fumbo: mama aliyetoka bombani na ndoo kichwani akijikwaa, jioni yake imebadilika. Hata hivyo maji yaliyomwagika hunywewa na ardhi, hupanda mbinguni, na msimu mmoja hurudi mvua. Heli hairudi.

Kwa jambo lisilorudi, Kiswahili kimetupa maneno mawili tofauti: mali na amana. Mali ikipotea italipwa, kwa bei au kwa fidia. Amana hailipwi. Hurudishwa kama ilivyopokewa, na aliyeipoteza hata akitoa mara mbili ya thamani yake hubaki amevunja kitu ambacho fedha haikigusi. Lugha yetu ya serikalini inalijua hili kuliko viongozi wenyewe wanavyolikumbuka. Hatusemi waziri anamiliki wizara. Tunasema ni waziri mwenye dhamana. Ameshikishwa.

Sheria zetu za madini zimejibu vizuri swali la mali. Mabadiliko ya mwaka 2017 yanaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi, bila kuzilipia, na Bunge likatunga sheria ya kuthibitisha kwamba utajiri wa asili ni wa wananchi. Hayo ni mambo ya nani alipwe na kiasi gani. Swali la amana linakwenda mbali zaidi: nini kitafanywa na heli yetu ikishafika huko, na je, mashine itakayopozwa kwayo itatumika kufungua siri za nani?

Nilikutana na swali hilo kwa mara ya kwanza kwenye foleni, ingawa siku ile sikulitambua.

Ilikuwa Desemba 2019. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulikuwa unakaribia ukingoni, kabla tarehe haijasogezwa hadi Januari 20, 2020, na mbele ya kibanda kimoja karibu na Soko la Majengo foleni ilikuwa imejikunja mara mbili kukwepa jua. Mbele yangu alisimama mama wa makamo, kitenge cha pili begani, vichala viwili vya zabibu kwenye mfuko mkononi. Zamu yake ikafika.

“Shikamoo mama. Weka kidole gumba.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeweka.”

“Hakisomi. Futa jasho kidogo. Haya, jaribu cha shahada.”

Akajaribu cha shahada, akajaribu cha kati. Kimashine kilikataa kwa kijitaa chekundu. Kijana akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa laini na zinang’aa kama mpini wa jembe la zamani.

“Hivi vimeshika jembe tangu enzi za Mwalimu,” mama akasema. “Hiko kidude chako kinataka vidole vya karani.”

Tukacheka foleni nzima. Mwishowe kidole kidogo cha mkono wa kushoto ndicho kilichokubalika, na taa ikawa ya kijani. Mama hakuondoka. Akauliza, kwa upole kabisa, “Sasa hicho kidole changu kinakwenda kukaa wapi?”

“Kinakwenda kwenye mfumo, mama.”

“Na huko kwenye mfumo kitakaa mpaka lini?”

Kijana akatabasamu. Hakuwa na jibu, wala sidhani kama kuna mtu aliwahi kumpa. “Anayefuata,” akasema, na aliyefuata nilikuwa mimi.

Miaka imepita, na kila ninaposoma habari za kompyuta za kwanta namkumbuka yule mama. Aliuliza kitu ambacho mikutano mingi ya wataalamu hukifikia siku ya tatu: mpaka lini.

Siri zetu za kidijitali, kuanzia muamala wa simu hadi faili la mgonjwa, hulindwa kwa kufuli za hesabu. Kufuli inayojulikana zaidi, iliyobuniwa mwaka 1977, inasimama juu ya jambo jepesi kulieleza. Kuzidisha namba mbili tasa zilizo kubwa ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kupewa jibu na kuambiwa utafute namba zilizozidishwa ni kazi iliyozishinda kompyuta zote tulizo nazo. Ni kama uji: kukoroga unga kwenye maji hata mtoto anaweza, lakini nani atautoa unga kwenye uji? Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwa karatasi na kalamu kwamba kompyuta ya kwanta, ikipatikana yenye uwezo wa kutosha, ingeutoa.

Mashine hiyo haijapatikana. Chipu ya Google iitwayo Willow, iliyotangazwa Desemba 2024, ilikuwa na kyubiti 105, yaani vipande vya msingi vya kompyuta ya kwanta. Lakini tazama mwendo wa makadirio. Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikokotoa kwamba kuvunja kufuli ya kawaida kungehitaji kyubiti milioni 20. Mei 2025 Gidney huyohuyo alirudi na hesabu mpya: chini ya milioni moja, kwa muda usiozidi wiki. Mashine ilikuwa bado haijajengwa, ila mlima wa kuifikia ulikuwa umepungua mara ishirini ndani ya miaka sita kwa kufikiri tu.

Mwizi naye hahitaji kusubiri mashine ikamilike ndipo aanze kuiba. Anaweza kuchukua leo data zilizofungwa, akaziweka ghalani, akakaa nazo. Ni sawa na mtu aliyeiba kilindo kimefungwa, akakificha darini akijua mtoto wake anasomea uhunzi wa funguo. Wataalamu wa usalama wanauita mchezo huu kuvuna sasa na kufungua baadaye. Anayeibiwa haoni pengo, kwa kuwa nakala yake ipo palepale, wala hakuna kengele inayolia. Wizi unafanyika mwaka huu, msiba unatokea miaka kumi na tano mbele, na aliyekuwa na dhamana amekwisha kustaafu na kupewa ngao ya shukrani.

Hapo ndipo teknolojia hii inapotofautiana na nyingine nilizozoea kuzifikiria. Gari hugonga leo, aliyepo. Bomu huua leo, aliyepo. Kompyuta ya kwanta, siku itakapoiva, itafungua ahadi zilizotolewa zamani. Itafanya uongo kauli ya daktari aliyesema “hii tutabaki nayo sisi wawili”, na kauli ya karani aliyeandika “siri” juu ya jalada. Wote walisema kweli walipokuwa wakisema. Ahadi iligeuka baadaye, wakiwa hawapo. Ndiyo maana naona maadili ya kwanta ni maadili ya muda kabla ya kuwa maadili ya mashine. Yanatuuliza kama tunaweza kushika amana kwa niaba ya watu tusiokuwa nao, dhidi ya siku tusiyoijua.

Profesa Michele Mosca wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ameifanya hoja hii kuwa hesabu ya darasa la tatu. Chukua miaka ambayo siri yako inapaswa kubaki siri. Ongeza miaka utakayohitaji kubadilisha kufuli zako. Kama jumla inazidi miaka iliyobaki kabla ya mashine kuja, umekwisha kuchelewa. Tuifanye hesabu hiyo hapahapa. Mtoto aliyezaliwa wiki hii Dodoma, ikiwa mama yake alikutwa na ugonjwa wa kufichwa, siri hiyo inapaswa kuishi miaka sabini. Alama ya kidole inapaswa kuishi kadiri mwenye kidole anavyoishi, maana nywila ikivuja utabadilisha, kidole utakibadilisha na nini?

Na miaka ya kubadilisha kufuli? Mji huu una jibu lake. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mamlaka ya ustawishaji ikaundwa mwaka uleule, ramani zikachorwa, wakubwa wakaapishwa na kustaafu. Agizo la kuhama kweli lilitoka Julai 2016, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ilipitishwa mwaka 2018. Miaka arobaini na mitano kuhamisha ofisi, meza na watu, vitu vinavyoonekana kwa macho. Kuhamisha mifumo yote ya benki, hospitali, kodi na vitambulisho kutoka kufuli za zamani kwenda mpya ni kuhama pia, tena mizigo yenyewe haionekani. Marekani na Uingereza zimelenga kuwa zimekamilisha ifikapo 2035. Sisi tunaojua nini maana ya kuhama polepole tungekuwa wa kwanza kuanza kufunga mizigo.

Bahati nzuri kufuli mpya zipo. Agosti 13, 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha viwango vitatu vya kwanza vya usimbaji unaokusudiwa kuhimili kompyuta za kwanta, na yeyote anaweza kuvisoma na kuvitumia. Hapa umaskini si kisingizio. Kazi ngumu iliyobaki ni ya kikarani: kujua ni siri zipi tunazo, ziko wapi, zimefungwa kwa kufuli gani na zinatakiwa kuishi mpaka lini. Msingi wa kisheria nao upo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Sheria inamtaka anayekusanya taarifa asikae nazo kuliko inavyohitajika. Hilo tayari ni jibu la kwanza kwa yule mama, maana taarifa isiyokuwepo ghalani haiwezi kuvunwa. Na tukumbuke kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata: wanaochota data zetu kila siku ni kampuni na mawakala wengi kuliko tunaowahesabu.

Nina rafiki mwalimu wa sekondari ambaye nikimweleza haya hunikata kauli. “Bwana wee, watu hawana maji, wewe unawaza kwanta.”

Sipuuzi hoja yake. Ni hoja ya heshima. Lakini tuanzie kwenye maji hayohayo. Jiji hili linanywa zaidi kutoka visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora. Vipimo vya kina cha maji pale vilianza kuandikwa miaka ya 1950, na vinaonyesha jambo ambalo macho yasingeliona: mtungi ule wa chini ya ardhi haujai kila masika. Hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, mara nyingi miaka ya El Niño, halafu tunaunywa kwa miaka mingi tukisubiri mwingine. Sasa, mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walitumia kipimo cha kwanta, kinachoangusha atomu na kupima mvutano wa ardhi kwa umakini mkubwa, wakagundua handaki lililofukiwa bila kupiga sururu hata moja. Kipimo cha jamii hiyo kinaweza kuja kuhisi maji yanavyopanda na kushuka chini ya Makutupora bila kutoboa kisima. Kwa nchi kavu kama hii, hiyo ni neema.

Ila chombo kinachoona maji huona pia madini chini ya shamba la mtu ambaye hajaambiwa, na mahandaki ya jirani tusiyepatana naye. Kisu kimoja, kazi mbili. Rafiki yangu anadhani kwanta na maji vinashindana. Mimi nadhani atakayekuwa na kipimo cha kwanta ndiye atakayejua kiasi cha maji yetu kabla yetu, na kwamba hilo ni suala la maji kuliko yote.

Zipo dalili kwamba Afrika haijakaa nje ya ukumbi. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta, na nchi iliyowasilisha rasmi azimio lile ni Ghana. Mwaka huohuo watafiti wa Stellenbosch, Afrika Kusini, na wenzao wa China walichapisha taarifa ya ufunguo wa siri waliogawana kwa setilaiti kati ya miji iliyo umbali wa kilomita 12,900. Ufunguo wa namna hiyo una sifa ya ajabu: atakayeuchungulia njiani huuvuruga, na kuvuruga huko kunamtaja kwamba alikuwepo. Maumbile yenyewe yanakataa kusomwa kimyakimya. Laiti na makarani wetu wangeumbwa hivyo! Lakini hata hapo mwenye setilaiti ni mmoja, na aliyeazima dirisha si mwenye nyumba.

Anayetaka kujua nini hutokea mashine inapotangulia swali, apande basi hapa Dodoma aende Kongwa, safari ya asubuhi moja. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilituma wajumbe watatu kuja kuitazama ardhi yetu. Walitumia wiki tisa, sehemu yake wakiwa ndegeni. Wakashauri karanga zilimwe kwenye ekari zaidi ya milioni 3, zikiwemo za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kuingia, mengine yakiwa vifaru vya kivita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukiwa mkavu hukaza kama sakafu. Majembe yakavunjika, na karanga zilizokomaa zikashindikana kung’olewa. Mvua ikafanya ilivyofanya siku zote, yaani ikaja kidogo na kwa hiari yake. Januari 1951 mpango ukafutwa, na takribani pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimekwenda.

Historia hii huchekesha inaposimuliwa, na wengi huimaliza kwa kusema Mzungu hakuwauliza wenyeji, Wagogo. Ni kweli hakuwauliza. Wagogo waliopanda uwele na mtama na kufuga ng’ombe walikuwa wameishi na mvua hiyo vizazi na vizazi, na mazao yao yenyewe yalikuwa taarifa ya hali ya hewa kwa aliyetaka kuisoma. Lakini mimi hujiuliza kuhusu wiki zile tisa. Wale wajumbe hawakuwa wapumbavu wala waovu. Nia yao ilikuwa kulisha watu. Walikosea kitu kimoja: waliamini kwamba ukubwa wa mashine unafidia uchache wa maswali. Vichaka vilifyekwa kwanza, na mvua ikapimwa baadaye. Hilo ndilo kosa ninaloliogopa kwenye kwanta, na safari hii hakuna Mwingereza wa kulaumiwa, kwa sababu mifumo tunaijenga wenyewe, tunaizindua wenyewe, tunakata utepe wenyewe.

Nikirudi jioni kwenye jiwe langu, hujaribu kupima haya yote yana maana gani kwa mtu wa kawaida ambaye hatagusa kompyuta ya kwanta maishani. Wazee wa mji huu husimulia kwamba jina Dodoma lilitokana na tembo aliyekwenda kunywa maji, akanasa matopeni, akazama, na waliomwona wakapiga kelele kwa Kigogo: idodomya, amezama. Hadithi haisemi kama yupo aliyemwonya tembo. Inasema watu walikuwepo, wakaona, na wakalipa tukio jina. Kulipa janga jina ni kazi tunayoifanya vizuri mno. Kusimama ukingoni kabla tembo hajafika ni kazi nyingine, na haina shangwe, kwa kuwa ikifanyika vizuri hakuna kinachotokea.

Uwajibikaji ninaouwaza ni wa namna hiyo isiyo na shangwe. Kwenye heli, ni mkataba unaohesabu kinachovuja kama unavyohesabu kinachouzwa. Kwenye vyuo vyetu, na Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007 juu ya vilima vya Chimwaga kimo, ni mwanafunzi wa fizikia na mwanafunzi wa sheria kukaa darasa moja angalau muhula mmoja. Kwenye ofisi za Serikali kule Mtumba, ni afisa mmoja katika kila wizara mwenye orodha ya siri anazozishika kwa niaba yetu, na mbele ya kila siri, mwaka.

Nawaomba walio na dhamana wasingoje 2035 iwagonge mlango. Waanze na jalada moja. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto cha mama mmoja mkulima kilipita kwenye kimashine Desemba 2019, na mwenyewe aliuliza kwa Kiswahili chepesi kitakaa huko mpaka lini. Alistahili kujibiwa siku ileile. Ajibiwe sasa.